Volyumu zilizopotea, na ubishi wa nini kibaki ndani ya kerneli

*Swali: Tuko watu watatu tunaotunza mfumo endeshi mdogo wenye kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Sehemu inayosimamia volyumu za hifadhi, yaani diski za kimantiki zinazojengwa juu ya diski halisi, iliandikwa zamani na watu ambao hawapo tena kazini. Inafanya kila kitu ndani ya kerneli: inatafuta diski, inasoma metadata (taarifa zinazoeleza volyumu zilivyopangwa), inaamua volyumu ikae wapi, inahamisha data na kutunza nakala pacha (data ile ile kwenye diski mbili). Hivi karibuni tulikuwa tunahamisha volyumu kutoka diski kuukuu kwenda mpya huku mashine ikitumika. Mashine ikaganda bila ujumbe wowote wa kosa, na tulipoizima na kuiwasha tena, volyumu mbili hazikuonekana. Mwenzangu mmoja anataka tuandike upya yote lakini yabaki ndani ya kerneli kwa ajili ya kasi. Mwingine anataka yote yatoke nje. Mimi naogopa kwamba tukiyatoa, kila usomaji wa diski utapitia programu ya kawaida na mashine itakuwa nzito; tena sijui tutawaambia nini watu wenye volyumu za muundo wa zamani. Tuanzie wapi?*

Kabla ya usanifu, kwanza zile volyumu mbili. Ikiwa data iliyomo bado inahitajika, msiandike chochote kwenye diski zile, hata kwa zana inayodai kutengeneza, na msiiruhusu mashine iziwashe yenyewe. Nakilini kila diski sekta kwa sekta, kisha fanyeni majaribio yote kwenye nakala. Katika ajali ya namna hii mara nyingi kinachoharibika ni ramani inayosema kipande gani kiko wapi, huku data yenyewe ikiwa imelala pale pale ilipokuwa. Lakini jaribio moja la pupa la kuunda ramani upya linaweza kuifuta. Nitairudia habari hii mwishoni.

Sasa kwenye swali lenyewe. Umenieleza mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kasi, mgando, na kupotea kwa volyumu. Wenzako wanabishana juu ya la kwanza, ilhali mashine yenu imeangushwa na la pili na la tatu. Mnaweza kuandika upya kila mstari ndani ya kerneli, au kutoa kila mstari nje, na bado mkaganda vile vile siku mtakapohamisha volyumu.

Nianze na hofu yako ya kasi, kwa kuwa ni ya kawaida na haichukui muda kuiondoa. Msimamizi wa volyumu ana kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kupokea ombi la kusoma au kuandika na kulielekeza kwenye diski na sekta inayostahili. Kazi hiyo hufanyika maelfu ya mara kwa sekunde. Ya pili ni kuamua ramani hiyo iweje: diski zipi ni za kundi moja, volyumu gani ipewe vipande vipi, nini kifanyike diski ikifa. Kazi ya pili hufanyika mashine inapowaka na, baada ya hapo, mara chache sana, mtu anapoongeza diski au kupanua volyumu. Mwenzako anayetaka mambo yatoke nje, ikiwa anajua anachosema, anazungumzia kazi hii ya pili peke yake. Ombi la kusoma litaendelea kuingia kerneli, kupita kwenye jedwali na kutokea kwenye diski bila kugusa programu yoyote ya nje.

Tuutazame upande huo wa kwanza kwa karibu, maana watu hushangaa jinsi ulivyo mdogo. Chukua volyumu ya GiB 3 iliyojengwa juu ya diski mbili. Kwa sekta za baiti 512, GiB 1 ni sekta 2097152. Jedwali zima la volyumu hiyo ni mistari miwili: mstari wa kwanza unasema kwamba kuanzia sekta 0 ya volyumu, sekta 2097152 ziko kwenye diski ya kwanza kuanzia sekta yake ya 2048, wa pili unasema kwamba kuanzia sekta 2097152 ya volyumu, sekta 4194304 ziko kwenye diski ya pili, nako kuanzia sekta ya 2048. Sasa lije ombi la kuandika KiB 8, yaani sekta 16, kuanzia sekta 2097144 ya volyumu. Sekta 8 za mwanzo zinaangukia mstari wa kwanza, kwa hiyo zinakwenda kwenye sekta 2099192 ya diski ya kwanza. 8 zilizobaki zimevuka mpaka, nazo zinakwenda kwenye sekta 2048 ya diski ya pili. Kerneli inalipasua ombi, inatuma vipande viwili, na haimwambii aliyeomba kwamba kazi imekwisha mpaka vyote viwili vimerudi. Kimoja kikirudi na kosa, ombi zima lina kosa. Ni kutafuta kwenye jedwali, kujumlisha na kusubiri. Msimbo wa kazi hiyo unaosomeka vizuri unaweza kukaguliwa na watu watatu kwa siku chache.

Wazo hili si jipya. Kerneli ya Linux ya mfululizo wa 2.4 ilikuwa na LVM (msimamizi wa volyumu wa Linux) ya kizazi cha kwanza, ambamo kerneli na zana zake zilishirikiana miundo ile ile ya kundi la volyumu, diski na volyumu. Toleo la mawasiliano kati yao lisipolingana, zana zilikataa kufanya kazi. Mwaka 2002, wakati kerneli ya 2.5 ikiandaliwa, kulikuwa na wagombea wawili wa kushika nafasi hiyo. Mmoja alikuwa EVMS kutoka IBM, uliokuja na uwezo mwingi na kuweka ndani ya kerneli utambuzi wa miundo mbalimbali ya metadata. Mwingine alikuwa Device Mapper kutoka kampuni ya Sistina, ambao haukujua volyumu ni nini: ulijua majedwali tu, na LVM2 ikakaa nje ikiyatengeneza. Device Mapper uliingia kerneli mwishoni mwa Oktoba 2002, na siku chache baadaye waandishi wa EVMS walitangaza kwamba wanaiacha sehemu yao ya kerneli na kuzijenga upya zana zao juu ya Device Mapper. Mimi huwa nawatajia wanafunzi uamuzi ule, kwa sababu ni vigumu mno kwa mhandisi kuutupa msimbo unaofanya kazi.

Hata hivyo, sitaki uondoke ukidhani kwamba kubaki ndani ya kerneli ni kosa. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ilichukua njia nyingine. GEOM, tabaka lake la kusimamia diski, iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp na kutoka na FreeBSD 5.0 mwaka 2003, inaacha kazi ya utambuzi ndani ya kerneli: diski mpya ikitokea, kila darasa, yaani moduli ya aina moja ya kazi, huionja na kuona kama inamhusu, kisha hujiweka juu yake na kutoa kifaa kipya ambacho madarasa mengine nayo huweza kukionja. Inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri, kwa sababu ya nidhamu. Kila darasa ni dogo, lina jambo moja, na msimbo ulio kwenye njia ya maombi hauruhusiwi kulala ukisubiri kitu. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza hana hoja ya kipuuzi. Ninachomwuliza ni kama ninyi watu watatu mnaweza kuitunza nidhamu hiyo kwa miaka kumi huku muundo wa metadata ukibadilika, kwa sababu kila kosa la kuchambua metadata ndani ya kerneli linaweza kuiangusha mashine nzima, ilhali kosa hilo hilo katika zana ya nje linaua zana tu na kukuachia ujumbe wa kusoma.

Baada ya hayo, tuje kwenye mgando. Hapa ndipo penye kazi, na naomba unifuate polepole.

Jedwali la volyumu inayotumika halibadilishwi hivi hivi. Wakati wowote kuna maombi yaliyokwisha kuingia, yakatafsiriwa kwa jedwali la zamani, na bado yako njiani kuelekea diski. Ukibadilisha jedwali yakiwa njiani, ombi la zamani laweza kuandika mahali ambapo jedwali jipya limempa mtu mwingine. Kwa hiyo volyumu lazima isimamishwe kidogo: maombi mapya yazuiliwe kwenye foleni, yaliyo njiani yasubiriwe mpaka yaishe, jedwali libadilishwe, halafu foleni ifunguliwe. Device Mapper hufanya hivi kwa kuipa kila volyumu nafasi mbili za majedwali, moja hai na moja ya kusubiri. Jedwali jipya linapakiwa kwanza kwenye nafasi ya kusubiri, huku volyumu ikiendelea kufanya kazi. Kisha volyumu inasimamishwa. Kisha inapoendelezwa, lililokuwa linasubiri ndilo linalokuwa hai. Ukilitazama haraka utaona ni utaratibu tu, lakini siri yake iko kwenye mpangilio: kila kinachoweza kushindikana, yaani kuomba kumbukumbu, kufungua diski, kukagua vipimo, kimefanyika kabla ya kusimamisha. Kati ya kusimamisha na kuendeleza hakuna kilichobaki isipokuwa kubadilisha kielekezi, yaani anwani inayoonyesha jedwali lipi ni hai.

Sasa fikiria msimbo usiofuata mpangilio huo, kama ninavyoshuku ndivyo ulivyo wenu. Unasimamisha volyumu, halafu, ikiwa imesimama, unaomba kumbukumbu ya kutengenezea jedwali jipya. Siku nyingi kumbukumbu ipo na hakuna anayegundua lolote. Siku ile kumbukumbu imejaa kurasa chafu, yaani kurasa zilizobadilishwa ambazo hazijaandikwa kwenye diski. Kerneli inataka kutoa nafasi, kwa hiyo inaanza kuziandika kurasa hizo. Na kurasa hizo ni za mfumo wa faili ulio juu ya volyumu iliyosimamishwa. Maombi yake yanaingia kwenye foleni na kusubiri volyumu iendelezwe. Volyumu inasubiri jedwali. Jedwali linasubiri kumbukumbu. Kumbukumbu inasubiri foleni. Hakuna ujumbe wa kosa kwa sababu hakuna aliyekosea, kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa adabu, na mashine inakaa hivyo mpaka mtu aizime.

Mkwamo huu una sura nyingine, na utawakuta hata mkitoa maamuzi nje ya kerneli. Zana ya nje nayo ni programu, na msimbo wake uko kwenye faili, na faili hiyo huenda iko kwenye volyumu ile ile inayosimamishwa. Zana ikiisimamisha volyumu ya mzizi, kisha ikahitaji ukurasa wa msimbo wake ambao haujapakiwa, itausubiri milele. Ndiyo maana LVM2 hufungia kurasa inazozihitaji kwenye kumbukumbu kabla ya kusimamisha kitu chochote. Niliwahi kukesha usiku mzima na zana iliyokuwa imefanya hayo yote kwa usahihi, kisha ikasimama katikati kuandika mstari mmoja wa taarifa kwenye faili la kumbukumbu za matukio. Faili lile lilikuwa kwenye volyumu iliyosimamishwa. Mstari wenyewe ulitaka kusema kwamba kila kitu kinakwenda vizuri.

Vile vile, kila volyumu iwe na akiba yake ya kumbukumbu iliyotengwa tangu inapoundwa, itoshe kusukuma angalau ombi moja hadi mwisho hata mashine ikiwa imeishiwa kabisa. Nasema kila volyumu, maana kosa la kawaida ni kuwa na akiba moja ya pamoja. Volyumu zikipangwa juu kwa juu, ya juu inaweza kuchukua kipande cha mwisho cha akiba, kisha ombi likashuka kwa ya chini, ambayo nayo inasubiri kipande kirudishwe. Na ya juu haiwezi kukirudisha mpaka ya chini imalize. Ni mkwamo ule ule kwa sura nyingine. Na kwa kuwa nimetaja kupanga juu kwa juu: msiache kila tabaka liite lililo chini yake moja kwa moja, kwa sababu rafu ya kerneli (kumbukumbu inayotunza miito ambayo haijamalizika) ni ndogo na matabaka machache yanaweza kuijaza. Linux ilibadilisha jambo hili mwaka 2007 kwa kuyaweka maombi yanayozaliwa kwenye orodha na kuyashughulikia moja baada ya jingine, badala ya kuingia ndani zaidi na zaidi.

Sasa volyumu zilizopotea. Hapa siwezi kuwa na uhakika bila kuona diski, lakini dalili ni za metadata iliyoandikwa juu ya ile ya zamani. Diski inakuahidi kidogo sana: unaweza kutarajia kwamba sekta moja itaandikwa yote au isiandikwe kabisa, lakini metadata inayochukua sekta 20 inaweza kukatika ya 7 ikiwa mpya na ya 8 ikiwa ya zamani, na ukiisoma utapata kitu ambacho si jana wala leo. Tena diski ina kache yake, na ina haki ya kuandika ulivyotuma kwa mpangilio inaoutaka mpaka uiamuru imimine kache.

Utaratibu salama unajulikana. Metadata mpya iandikwe mahali tofauti na ile inayotumika, kwa mfano kwenye eneo linalozunguka kama duara, ikiwa na namba ya mfululizo na tarakimu ya ukaguzi. Diski iamriwe kumimina. Hapo tu ndipo sekta moja ya kichwa, inayoelekeza metadata iliyo hai, iandikwe. Kisha diski imimine tena. Umeme ukikatika wakati wowote, utakuta ama ramani ya zamani ikiwa nzima au mpya ikiwa nzima. Diski zikiwa nyingi, kila moja ibebe nakala, na zana ichague nakala halali yenye namba kubwa zaidi. Ushauri wangu wa ziada ni kwamba metadata iwe maandishi ya kawaida, kama ilivyo ya LVM2. Wahandisi wa kerneli hulidharau jambo hili kwa sababu maandishi yanachukua nafasi na kuyachambua ni kazi. Lakini kuchambua kutafanyika nje ya kerneli, na siku ya ajali mtu mwenye usingizi machoni ataweza kuisoma ramani yake kwa macho na kuinakili kwenye karatasi.

Kuhamisha data mashine ikitumika kunaunganisha mambo haya mawili, na ndiyo maana kuliwaangusha ninyi. Njia ya kuaminika ni kutohamisha chochote kwa maana ya kawaida: kipande kinachohamishwa kinageuzwa kuwa nakala pacha ya muda, upande mmoja diski kuukuu na mwingine diski mpya, nakala ikishalingana, jedwali linabadilishwa upande wa zamani uondolewe. Kila hatua inatangulia kuandikwa kwenye metadata, hivyo mashine ikizimika katikati, zana itakapoamka itasoma kwamba kuna uhamisho ambao haujakwisha na kuuendeleza au kuurudisha nyuma. Hakuna wakati ambapo data iko mahali pasipojulikana na ramani.

Amri ya kumimina, niliyoitaja hapo juu, inadai uangalifu wa pekee katika njia ya maombi pia. Mfumo wa faili ukiiomba volyumu imimine, volyumu lazima iipeleke amri hiyo kwa kila diski iliyo chini yake na kusubiri zote zijibu. Kujibu "tayari" bila kuipeleka ni uongo ambao hautagundulika mpaka umeme ukatike. Usiwacheke wenye kosa hili: Device Mapper wenyewe ulikaa miaka mingi bila kupitisha kikamilifu amri za mpangilio wa uandishi, na ulirekebishwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2009. Kagueni msimbo wenu wa sasa kwa hili kesho asubuhi, kabla ya usanifu wowote.

Mna njia gani basi? Ya kwanza ni kukarabati tu: hamisheni maombi yote ya kumbukumbu yawe kabla ya kusimamisha, tengeni akiba, rekebisheni uandishi wa metadata. Naipendekeza kama hatua ya lazima kwa vyovyote vile, kwa sababu watumiaji wenu hawawezi kungoja usanifu mpya ukamilike huku mashine zao zikiwa na kasoro inayojulikana. Ya pili, kuandika upya ndani ya kerneli, nimeshaieleza. Inafaa kwa kikundi chenye watu wa kutosha na mkaguzi mkali. Ya tatu ni kuacha ndani ya kerneli sehemu ndogo yenye majedwali tu, na zana zikae nje. Ya nne ni ile iliyochukuliwa na mfumo wa faili wa ZFS: kuunganisha usimamizi wa volyumu na mfumo wa faili, ili tabaka moja lijue ni sehemu zipi zina data na zipi ni tupu, lirudishe nakala pacha kwa kunakili kinachotumika tu, na liepuke pengo linalotokea RAID-5 (diski kadhaa zinazotunza data pamoja na usawa, yaani hesabu ya kuirejesha diski moja ikifa) inapokatikiwa umeme kati ya kuandika data na kuandika usawa wake. Ina faida za kweli. Lakini ni kuandika mfumo wa faili, na watu watatu wenye msimbo wa zamani mikononi hawana nafasi ya kuanza jambo hilo.

Ningekuwa mimi, ningechukua ya tatu, na ningeiba kiolesura. NetBSD, mfumo endeshi mwingine, ilifanya hivyo hivyo: iliandika kiendeshi chake yenyewe cha kerneli kinachoelewa mawasiliano ya Device Mapper, ikazitumia zana za LVM2 juu yake, na matokeo yakatoka na NetBSD 6.0 mwaka 2012. Kwa kikundi kidogo, kupata zana zilizokwisha kupigwa na dhoruba za wengine ni akiba kubwa, mradi msome leseni zake vizuri kabla ya kuanza.

Njia hii nayo ina gharama zake, usije ukasema sikukwambia. Volyumu ya mzizi haiwezi kuwashwa na zana iliyo ndani ya volyumu hiyo hiyo, kwa hiyo mtahitaji mfumo mdogo wa faili wa mwanzo unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli, na utunzaji wake ni kero ya kudumu. Zana ikifa kati ya kusimamisha na kuendeleza, volyumu itabaki imesimama. Lazima zana ikiitwa mara ya pili iweze kuitambua hali hiyo kwa kuiuliza kerneli na metadata, bila kutegemea kumbukumbu yake yenyewe. Diski moja ya nakala pacha ikifa, kerneli itaona kosa lakini uamuzi wa kuiondoa utafanywa nje, na maombi ya kuandika yatasubiri uamuzi huo. Programu inayouamua iwe imefungiwa kwenye kumbukumbu kama zana nyingine.

Kuhusu volyumu za zamani, habari ni njema kuliko unavyodhani. Kerneli mpya haijui muundo wa metadata, kwa hiyo haijali ni wa zamani au mpya. Zana ikiweza kuusoma muundo wa zamani na kutoa jedwali, volyumu ya zamani itafanya kazi bila sekta yake hata moja kubadilishwa. Kwa sababu hiyo kazi yenu ya kwanza ya kuandika iwe zana isiyoandika chochote kwenye diski: inasoma metadata ya zamani na kuchapisha jedwali ambalo ingelipakia. Ipelekeni kwenye kila mashine mnayoweza kuifikia na kulinganisha jedwali hilo na ramani ambayo kerneli ya sasa inaitumia. Zitatokea tofauti, na kila tofauti itawafundisha jambo kuhusu msimbo wa wale walioondoka. Zikiisha, wekeni kiendeshi kipya kando ya cha zamani, na muanze na volyumu za moja kwa moja, kisha zile ambazo data yake imegawanywa kwa zamu kati ya diski kadhaa, kisha nakala pacha, na uhamisho uwe wa mwisho. Kubadilisha metadata kwenda muundo mpya kuwe uamuzi wa mtumiaji mwenyewe, baadaye sana, akijua kwamba hawezi kurudi kwenye kerneli ya zamani. Nakala za papo hapo, yaani picha za volyumu ilivyokuwa wakati fulani, zinastahili mjadala wao; kwa sasa ziacheni.

Jaribio la kwanza liwe gumu kuliko yote: mashine yenye kumbukumbu kidogo, eneo la kubadilishana kumbukumbu (swap) likiwa juu ya volyumu, programu zinazochafua kurasa bila kupumzika, na uhamisho unaorudiwa usiku kucha. Ikiwa nimekisia sawasawa, kerneli yenu ya sasa itaganda mapema, na mtakuwa na kipimo cha kuhukumu ukarabati. Kwa metadata, wekeni tabaka linalonakili kila uandishi na kila amri ya kumimina kwa mpangilio wake, kisha mzirudie kwenye diski tupu mkisimama katika kila hatua, na kila mara muulize zana: je, unaiona volyumu, ya zamani au mpya, lakini nzima? Linux ina tabaka la namna hii, na kanuni yake ni rahisi kuiga.

Yapo mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza ni muundo mpya wa metadata: kabla ya kuutoa kwa watumiaji, kaeni chumba kimoja na mtu anayeijua sehemu ya kumbukumbu ya kerneli yenu na mtu anayeujua mfumo wa faili, mchore kwenye ubao kila hatua ya kusimamisha na kuendeleza, na kila mmoja apewe kazi ya kuizima mashine kwa mawazo mahali panapomkera. Msimbo hurekebishwa, lakini muundo uliokwisha kulala kwenye diski za watu utaishi nanyi. La pili ni zile volyumu mbili. Kama nakala rudufu hazipo na data ina thamani, mpeni mtaalamu wa urejeshaji nakala za diski, si diski zenyewe, pamoja na ukubwa wa kila volyumu kama mnavyoukumbuka, mpangilio ambao zilitengenezwa, na msimbo unaoandika metadata. Na kama kerneli yenu ina namna ya kuchapisha kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya kerneli) umesimama wapi, iwasheni leo, ili mgando ukitokea tena mchukue chapisho hilo kabla ya mtu kugusa swichi.